Mizinga, Dadu na Ngome ya Mombasa: Hitilafu Niliyoikuta Kwenye Kanuni Zangu

Najua nimepotea. Mara ya mwisho niliwaahidi makala ya hifadhidata, na hifadhidata itakuja inshallah. Lakini leo nina jambo limenikaa kichwani wiki kadhaa na nisipolitoa sitalala. Leo tuzungumze kuhusu mizinga.

Ukitamka neno mzinga hapa Kilifi, watu watatu wataelewa vitu vitatu. Mfugaji wa kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke atafikiria nyuki wake. Kijana wa stendi atashika mfuko, maana siku hizi kumpiga mtu mzinga ni kumwomba pesa. Wa tatu ni yule aliyewahi kutembea Fort Jesus, naye atafikiria lile dude refu la chuma linalokaa juu ya ukuta likitazama bahari. Mimi namzungumzia huyo wa tatu.

Nianze na sababu. Wale wanaonifahamu wanajua kwamba mbali na kuandika programu, nina ugonjwa mwingine: michezo ya kuigiza mezani. Kwa wasioifahamu, ni hivi. Mnakaa watu wanne au watano. Mmoja ni msimamizi, anasimulia dunia na yanayotokea. Wengine kila mmoja ana mhusika wake: mganga, nahodha, mwizi, shujaa. Mhusika akitaka kufanya jambo ambalo huenda lisifaulu, dadu inatupwa na kanuni zinasema nini kimetokea. Mchezo maarufu kuliko yote wa aina hii ni Dungeons & Dragons, uliotolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson.

Sisi tunacheza Ijumaa jioni kwenye baraza ya nyumba yetu, kahawa chungu pembeni. Tumechoka na mazimwi ya Ulaya na theluji ambayo hakuna kati yetu aliyewahi kuiona. Kwa hiyo mwaka huu nilianza kutunga mchezo wetu wenyewe: pwani ya njozi yenye majini, waganga, majahazi na miji ya mawe. Na kwa kuwa ni pwani, nikaweka ngome. Na kwa kuwa kuna ngome, lazima kuwe na wa kuizingira. Hapo ndipo nikahitaji kanuni za mizinga, na hapo ndipo nilipoharibu.

Sekunde 18

Kanuni zangu za kwanza niliziandika kama mtu yeyote aliyekulia Dungeons & Dragons angeziandika. Katika kitabu cha msimamizi cha mwaka 2014, mzinga una madhara ya dadu nane zenye pande kumi. Anayejua hesabu za wastani atakwambia mara moja: dadu ya pande kumi wastani wake ni 5.5, mara nane ni 44. Kupakia kunachukua tendo moja, kulenga tendo moja, kufyatua tendo moja. Raundi moja ni sekunde sita. Ukiwa na watu watatu, kila mmoja na tendo lake, mzinga unalia kila sekunde sita kama cherehani.

Nikachukua hesabu hiyo vilevile. Nikaupa ukuta wa ngome yangu pointi 500 za uhai. Nikampa adui mizinga mitano. Mara tano 44 ni 220 kwa raundi. Ikiwa risasi zote zimepata, raundi ya tatu ukuta uko chini. Raundi tatu ni sekunde 18.

Sasa linganisha na mambo yaliyotokea kweli. Ngome ambayo nilikuwa naiiga ni Fort Jesus ya Mombasa. Waomani walianza kuizingira tarehe 13 Machi 1696 na wakaiingia tarehe 13 Desemba 1698. Hizo ni siku 1,005. Kwa raundi za sekunde sita, ni zaidi ya raundi milioni 14. Programu yangu inasema sekunde 18, historia inasema miaka miwili na miezi tisa. Mwandishi wa programu yeyote akiona tofauti ya namna hiyo hasemi "karibu nimepatia". Anajua amekosea mahali pa msingi.

Mpira wa moto na babu yake

Kabla ya kwenda Mombasa, tujiulize kwanza kanuni za namna hii zimetoka wapi. Michezo ya mezani ilianza kwa wanajeshi. Mwaka 1824 ofisa wa Prussia aitwaye Georg von Reisswitz alitoa kanuni za mchezo wa vita wa kufundishia maofisa, wenye ramani, dadu na mwamuzi. Mwaka 1913 mwandishi H. G. Wells alitoa kitabu chake Little Wars, ambamo watu wazima walilaza matumbo sakafuni na kuangusha askari wa kuchezea kwa vizinga vidogo vya springi. Katika mchezo wa Wells hukuhitaji hesabu ya madhara: askari akiangushwa, ameangushwa.

Halafu mwaka 1971 ukaja mchezo wa vita uitwao Chainmail, wa Gary Gygax na Jeff Perren, ndio mama wa Dungeons & Dragons. Ulikuwa na kanuni za mizinga na mitambo ya kurusha mawe, na mwishoni ukawa na nyongeza ya njozi yenye wachawi. Watunzi walihitaji kujua mpira wa moto wa mchawi unafika ukubwa gani. Wakaazima: mpira wa moto ukawa sawa na pigo la mtambo mkubwa wa kurusha mawe, na radi ya mchawi ikawa sawa na mzinga mzito wa vitani.

Nilipolisoma hilo nilicheka peke yangu. Miaka yote tumekuwa tukitupa mipira ya moto mezani bila kujua kwamba ni mizinga iliyovaa kanzu ya mchawi. Lakini ukilifikiria zaidi, ndilo tatizo lenyewe. Mzinga ulipogeuzwa kuwa uchawi, ulivuliwa kila kitu kinachoufanya kuwa mzinga: uzito, baruti, watu wa kuusukuma, muda wa kupoa. Likabaki pigo tu. Na tulipoandika tena kanuni za mizinga kwa ajili ya ulimwengu wa njozi, tuliirudisha kutoka kwa mchawi, ikiwa tayari imevuliwa.

Basi nikaamua kuanza upya. Badala ya vitabu vya michezo, nikaanza na pwani yetu.

Malindi: mzinga unaofunga mlango

Mizinga ya kwanza inayotajwa Malindi haikumuua mtu. Vasco da Gama alifika Aprili 1498, akitoka Mombasa ambako mapokezi hayakuwa mazuri. Malindi na Mombasa walikuwa mahasimu, na mfalme wa Malindi akaona hapa kuna rafiki wa kumfaa. Kumbukumbu za safari ile zinaeleza kwamba Wareno walipiga mizinga ya heshima mfalme alipozunguka meli zao, na kwamba majahazi ya Wahindi yaliyokuwa bandarini nayo yalipiga mizinga yao na kurusha fataki usiku. Soma tena hapo. Wahindi walikuwa na mizinga. Baruti ilikuwa imeshafika bandari ya Malindi kwa biashara ya Bahari ya Hindi kabla ya Mreno.

Somo la kwanza kwa mtunzi wa mchezo: baruti inayochomwa kwa sherehe nayo ni tendo. Inasema mimi ni nani, nina nini na niko upande wa nani. Ile ngoma ya moto ya 1498 ilifungua urafiki wa karne nzima.

Mizinga ya pili ya Malindi ilikuwa ya vita. Katika miaka ya 1580 nahodha wa Kituruki, Mir Ali Beg, alishuka pwani hii mara mbili. Safari ya kwanza, mwaka 1585, miji mingi ilimkubali, Malindi ikakataa. Akarudi msimu wa kaskazi wa 1588 na 1589. Kapteni wa Kireno wa pwani, Mateus Mendes de Vasconcelos, alikuwa Malindi, na alikuwa ameweka mizinga ufukweni. Mir Ali alipokaribia usiku, mizinga ikamfyatulia. Hakuna ukuta ulioanguka wala mji uliotekwa. Mir Ali aliachana na Malindi akaendelea kusini hadi Mombasa.

Yaliyofuata Mombasa ni habari ndefu, nitaifupisha. Machi 1589 msafara wa Kireno wa meli zipatazo 20 ulifika kutoka Goa ukiongozwa na Tomé de Sousa Coutinho. Wakati huohuo kundi la wapiganaji walioitwa Wazimba lilikuwa bara, ng'ambo ya kivuko, likisubiri kuingia kisiwani. Waturuki wakabanwa katikati na Mir Ali akakamatwa. Wazimba nao wakapanda hadi Malindi, na huko wakashindwa na Wareno wachache waliosaidiwa na maelfu ya Wasegeju.

Sasa tazama mzinga wa Malindi ulifanya kazi gani katika hadithi hii. Haukutoa pointi 44 za madhara. Ulifunga mlango. Uliifanya sehemu moja ya bahari kuwa mahali ambapo nahodha mwenye akili hapiti, akaenda kwingine, na huko kwingine ndiko alikokamatiwa. Kwa lugha yetu ya programu, mzinga haubadilishi thamani ya ukuta, unabadilisha ramani. Na Wazimba walipofika Malindi, kilichouokoa mji kilikuwa watu, hasa Wasegeju.

Mombasa: mzinga hauna mwenyewe wa kudumu

Somo la tatu linarudi nyuma kidogo. Mwaka 1501 meli moja ya msafara wa Cabral, iliyoongozwa na Sancho de Tovar, ilikwama kwenye fungu karibu na Malindi ikiwa njiani kurudi Ureno. Wareno wakaichoma moto wakaondoka. Lakini chuma hakiungui. Mfalme wa Mombasa akaitoa mizinga ile baharini na kuiweka kwenye boma lake.

Agosti 1505 Francisco de Almeida alipoleta meli zake kuishambulia Mombasa, alipokelewa kwa mizinga ya Wareno wenyewe. Huo ndio uchumi wa vita ninaoutaka kwenye mchezo wangu! Lakini habari haikuishia vizuri kwa Mombasa. Risasi moja kutoka melini iliipata ghala ya baruti ya lile boma, ikalipuka, boma likaachwa, na mji ukatekwa na kuporwa.

Katika kanuni zangu za zamani mzinga ulikuwa "silaha" na baruti haikuwepo kabisa. Sasa nikaviandika kama vitu viwili mbalimbali. Mzinga ni mali: unaibwa, unaopolewa, unarithiwa, unabebwa na watu wengi kwa shida. Baruti ni chakula chake, na ni chakula kinachoweza kumwua mpishi.

Siku 1,005

Baada ya vita vya 1589 Wareno waliona Malindi haitoshi. Bandari ya Mombasa ni bora na mji wenyewe umeshindwa kutulia. Mwaka 1593 wakaanza kujenga Fort Jesus. Mchoraji wake alikuwa Mtaliano kutoka Milan, Giovanni Battista Cairati, na kapteni aliyesimamia ni yuleyule Mateus Mendes de Vasconcelos wa mizinga ya Malindi. Mfalme wa Malindi naye alihamia Mombasa kutawala chini ya Wareno.

Cairati alikuwa mtu wa hesabu. Ukiitazama ngome kutoka juu utaona pembe nne zilizotokeza nje. Kila pembe inatazama ukuta wa pembe jirani, ili mtu anayefika chini ya ukuta mmoja apigwe kutoka ubavuni na pembe nyingine. Hakuna pahali pa kujificha. Na ngome yenyewe imekaa juu ya mwamba wa matumbawe. Unaweza kuipiga, lakini kuipita kwa nguvu ni jambo jingine.

Hii haina maana kwamba haikuchukuliwa. Mwaka 1631 Yusuf bin Hasan, mfalme wa ukoo wa Malindi aliyelelewa Goa na kubatizwa kwa jina la Dom Jerónimo, aliiingia kwa mlango, akamwua kapteni na kuiteka. Mwaka uliofuata msafara kutoka Goa ulijaribu kuirudisha kwa mizinga na ukashindwa. Wareno waliipata tena baada ya Yusuf mwenyewe kuondoka Mei 1632 na meli aliyoiteka. Hesabu ni rahisi: kisu cha ndani kilifaulu, mizinga ya nje ikashindwa.

Kisha ikaja 1696. Waomani wa Imam Saif bin Sultan hawakuwa na haraka. Waliingia mjini, wakaizunguka ngome, wakakaa. Ndani kulikuwa na askari wa Kireno kati ya 50 na 70, pamoja na mamia ya watu wa pwani waliokuwa upande wao. Kuanzia hapo adui mkubwa akawa maradhi. Msaada ulifika Desemba 1696, na katika miezi iliyofuata maradhi yakawamaliza hata waliokuja kusaidia. Meli zilikuja tena Septemba 1697, na mojawapo, Santo António de Tanná, ikazama chini ya ngome Oktoba mwaka huohuo. Mabaki yake yako chini ya maji hadi leo; wanaakiolojia waliyachimba kati ya 1977 na 1980.

Tazama miezi hiyo tena. Desemba, Septemba, Desemba. Mtu wa pwani haitaji kuelezwa. Meli ya kutoka Goa inakuja na kaskazi, ya kutoka Msumbiji inakuja na kusi. Nahodha hachagui siku, upepo unamchagulia. Mtu aliye ndani ya ngome akiomba msaada mwezi wa Aprili, anaomba kitu ambacho hakiwezi kufika kutoka India kabla ya mwisho wa mwaka.

Tarehe 13 Desemba 1698 waliobaki walikuwa kapteni, wanaume tisa na padri mmoja. Waomani wakaparamia na kuingia. Siku saba baadaye msafara wa msaada kutoka Goa ukaonekana baharini. Siku saba! Baada ya siku 1,005. Ukiniuliza, hiyo ndiyo dadu kubwa kuliko zote za habari hii, na haikutupwa kwa mzinga. Ilitupwa kwa upepo.

Safu ya "askari"

Nilipokwisha kusoma hayo niliandika programu ndogo ya Python kuzijaribu kanuni mpya. Raundi moja sasa ni mwezi. Kila mwezi kuna maji, chakula, baruti, maradhi na upepo. Nikaingiza takwimu za kuzingirwa kwa Fort Jesus kama zilivyoandikwa, nione kama programu itafika Desemba 1698.

Haikufika. Ilisimama katikati ya 1697 na kuandika: ngome imeanguka.

Nikatafuta hitilafu usiku kucha. Hesabu ya maradhi ilikuwa sawa. Upepo ulikuwa sawa. Kitanzi kilikuwa kinazunguka vizuri. Ijumaa ikafika sina jibu, nikaieleza shida yangu barazani. Dada yangu mdogo, ambaye huwa anacheza nahodha na hana subira na mimi, akavuta kompyuta, akatazama, akauliza:

"Kaka, hii safu ya askari umemweka nani ndani?"

Nikamwambia Wareno, maana ndio walinzi wa ngome.

"Na katikati ya huo mwaka Wareno walikuwa wangapi?"

Karibu wote walikuwa wamekufa. Basi safu ikawa sifuri, na mimi niliandika kwamba safu ikiwa sifuri ngome imeanguka. Hitilafu ilikuwa kwenye mstari mmoja.

Maana katikati ya 1697 ngome haikuanguka. Ulinzi ulikuwa mikononi mwa Sheikh Daud wa Faza, jamaa zake 17, wanaume 8 Waafrika na wanawake 50 Waafrika. Hesabu hiyo imeandikwa. Jumla ni watu 76, na 50 kati yao ni wanawake. Waliishikilia mpaka meli ya Septemba ilipofika, na ngome ikaendelea kusimama zaidi ya mwaka mwingine. Mimi nilikuwa nimeisoma sentensi hiyo kwa macho yangu, nikaipita, na kwenye programu nikawapa watu hao wote thamani ya sifuri.

Dada akarudisha kompyuta, akasema, "Kwa hesabu zako hizi hata mama alikuwa sifuri."

Sikuwa na la kujibu. Mapema mwaka 2008, baada ya vurugu za uchaguzi, watalii waliacha kuja Malindi, na baba kama wengi wa huko alikosa kazi ya hoteli. Nilikuwa mtoto wa shule ya msingi. Mama alikuwa anaamka saa kumi usiku kukanda mahamri, na sisi tunayauza kabla ya kengele ya shule. Nyumba ile ilizingirwa kama nyumba yoyote ilivyowahi kuzingirwa, na haikuanguka. Mtu akija na fomu akauliza "wafanyakazi wangapi katika nyumba hii", mwaka ule tungeandika hakuna.

Sisemi kwamba wale walinzi wa 1697 walikuwa mashujaa wa upande wetu. Fort Jesus ilikuwa ngome ya dola iliyopora miji yetu, na walioizingira nao walikuja kututawala. Wanawake wale 50 sijui wangapi walikuwa na hiari ya kuwepo pale, na majina yao hayakuandikwa. Ninachosema ni kidogo zaidi: ngome ilikuwa inasimama juu yao, na kanuni yangu haikuwaona. Kanuni isiyomwona anayeshikilia ukuta haiwezi kujua ukuta utaanguka lini.

Kanuni zilivyo sasa

Kwa wale wanaotunga michezo yao, hizi hapa kwa ufupi. Chukueni, badilisheni.

Kwanza, mzinga hauna dadu za madhara dhidi ya ukuta. Una eneo. Chora kwenye ramani sehemu ya maji au nchi kavu ambayo mzinga unaifunga. Anayetaka kupita hapo anatupa dadu. Asiyetaka hutafuta njia nyingine. Mara nyingi wachezaji hutafuta njia nyingine, na hapo ndipo hadithi huanza.

Pili, mzinga haulii kila raundi. Katika pambano la ana kwa ana unapiga mara moja, kisha watu wake wana kazi: kusafisha tumbo lake kwa kitambaa chenye maji ili cheche isibaki, kutia baruti, kushindilia, kutia risasi, kuurudisha mahali pake, kulenga, kuwasha. Pambano kwa kawaida huisha kabla ya pigo la pili. Baruti inahesabiwa kwa pipa, na ghala yake ina mahali kwenye ramani ambapo adui anaweza kupajua.

Tatu, kuzingira kunahesabiwa kwa mwezi, na kalenda ina kaskazi na kusi. Msaada ukiombwa, msimamizi anatazama kalenda kwanza, dadu baadaye.

Nne, hakuna safu ya askari. Kuna safu ya watu. Kila mtu aliye ndani anakula, anakunywa, anaugua, na anaweza kushika zamu. Ngome inaanguka pale ambapo hakuna tena wa kushika zamu, au pale ambapo mtu wa ndani anafungua mlango. Wachezaji wanaruhusiwa kumchukua mtu yeyote kwenye safu hiyo awe mhusika wao.

Tano, andika zama. Kanuni hizi ni za mizinga ya karne ya 16 na ya 17. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Kiingereza zilipiga kasri la Sultani huko Unguja, na mambo yakaisha kwa takriban dakika 40. Karne mbili baada ya Fort Jesus, chuma kilikuwa kimebadilika. Ukitaka sekunde 18 zangu za mwanzo, basi hamia zama za manowari za mvuke, na usiite mchezo wako wa njozi.

Nilirekebisha programu, nikaiendesha tena. Katikati ya 1697 ilipita bila kusimama. Ilifika Desemba 1698, ikasimama hapo, na nilipoiongezea siku saba msaada ukatokea baharini.

Ijumaa iliyopita tulicheza kuzingirwa kwa ngome ya njozi kwa mara ya kwanza. Binamu yangu alichukua mpiga mizinga, kama kawaida yake. Dada yangu alikataa kucheza nahodha. Alichagua mmoja wa wale 50, na tulipomwuliza jina la mhusika wake, akampa la mama. Mpiga mizinga alikufa kwa homa mwezi wa nne. Mhusika wa dada bado yuko ukutani, maji ya kisima yamepungua, na kwenye kalenda yetu kaskazi bado miezi miwili.

Tutaendelea Ijumaa. Na hifadhidata, nawaahidi, makala ijayo.